Keg Huharibikia Kwenye Mpira

Ikifika saa kumi na moja jioni, milango ya baa za keg, yaani bia ya pipa, huanza kufunguliwa Kayole, Dandora, Umoja na Jericho, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Hiyo ndiyo saa ambayo sheria ya mwaka 2010, tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho, inaruhusu baa kuanza kuuza siku za kazi. Saa tano usiku lazima zifunge. Wateja wa kwanza ni watu wa mjengo waliotoka kibaruani na wasukuma mikokoteni waliomaliza kazi Gikomba. Wanaketi, wanaagiza, bomba linafunguliwa, na kinachotoka kwanza ni bia iliyolala tangu jana usiku ndani ya mpira unaounganisha pipa na bomba. Imelala humo saa 18.

Mteja anaonja na kukunja uso.

“Madam, hii si imelala?”

“Hapana boss, pipa limefunguliwa sasa hivi.”

Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Pipa ni jipya na bia iliyomo haina kasoro. Lakini iliyoingia kwenye jagi imepita mahali ambapo viumbe wasioonekana wamefanya makao, na ladha yao imebaki humo. Mpira wa mita 4 wenye tundu la milimita 10 hubeba takriban mililita 300 za bia, ambazo ni ujazo wa jagi moja dogo. Kwa hivyo anayekunywa jagi la kwanza la jioni anakunywa mpira, si pipa.

Ninaandika juu ya mpira huo kwa sababu mazungumzo kuhusu pombe katika mitaa ya Eastlands huishia mahali pawili tu: mahubiri dhidi ya ulevi, au taarifa za vifo. Ubora wa kinywaji chenyewe hauna wa kuusemea. Mnywaji wa Westlands akiletewa bia iliyochacha huirudisha na kuletewa nyingine bila maneno mengi. Mnywaji wa Dandora huambiwa keg ndivyo ilivyo. Jibu hilo si la kweli, na ukiijua bia vizuri huwezi kulikubali.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba bia si rahisi kuharibika. Chupa ya Tusker hukaa miezi kwenye rafu ya duka bila friji, na ikifunguliwa bado ni bia. Hilo halitokani na dawa ya kuhifadhi. Limo katika namna bia inavyopikwa. Maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye kimea cha shayiri huchemshwa, na vijidudu karibu vyote vilivyokuja na nafaka hufia hapo. Kisha hamira hutiwa, inakula sukari na kuiacha bia na vyakula vichache ambavyo kiumbe mwingine angevitaka. Hamira hiyo huacha pia kileo, ambacho katika Tusker ni asilimia 4.2, na huongeza uchachu mpaka kipimo cha pH cha bia nyingi kinakuwa kati ya 3.8 na 4.7. Gesi ya kabonidayoksaidi hujaa humo, kiasi cha gramu 5 hivi kwa kila lita, na oksijeni hubaki ndogo mno. Bakteria anayeangukia humo anakuta njaa, kileo, uchachu na ukosefu wa hewa kwa wakati mmoja.

Juu ya hayo yote kuna hopsi, maua ya mmea unaotambaa ambayo ndiyo huipa bia uchungu wake. Mmea huu haustawi karibu na ikweta kwa sababu unahitaji mchana mrefu wa kiangazi, ndiyo maana hapa Kenya hopsi huagizwa kutoka nje wakati shayiri na mtama vinalimwa nyumbani. Katika bia ya kawaida asidi chungu za hopsi huwa kama miligramu 17 hadi 55 kwa lita. Ni kiasi kidogo sana, lakini kwa bakteria wengi ni hukumu ya kifo.

Namna zinavyoua inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndipo siri yote ilipo. Bakteria huishi kwa kuhakikisha kwamba ndani ya seli yake mna uchachu mdogo kuliko nje. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo nguvu yake ya kuingiza chakula na kutengeneza mwili. Asidi ya hopsi hupenya ngozi ya seli ikiwa imebeba chembe ya uchachu, huishusha ndani, kisha hutoka kwenda kubeba nyingine. Bakteria analazimika kuusukuma nje uchachu huo bila kupumzika. Ni mtu aliye ndani ya mtumbwi uliotoboka: anachota maji mpaka mikono inamlegea, na kwa kuwa chakula cha kumrudishia nguvu hakipo, mwishowe anazama.

Tatizo ni kwamba wapo waliojifunza kuchota haraka kuliko maji yanavyoingia. Anayejulikana zaidi ni Lactobacillus brevis, ambaye wanasayansi sasa humwita Levilactobacillus brevis. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani walipata ndani yake jeni waliyoiita horA, ambayo humpa pampu ya kuitoa hopsi nje ya seli. Jeni hiyo hukaa kwenye kipande kidogo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine. Ndiyo maana bakteria wawili wa jina moja wanaweza kuanguka kwenye bia moja, huyu akafa na yule akastawi. Jina pekee halimwambii mpishi wa bia kama amepatwa na hatari. Inabidi amjue bakteria mwenyewe.

Jamaa yake wa karibu ni Pediococcus damnosus. Huyu huleta harufu ya siagi mahali isipotakiwa, na aina nyingine za ukoo wake hutoa utelezi, hata bia ikimiminwa inavuta uzi. Katika viwanda vya Ulaya ambako mambo haya yamefuatiliwa kwa miaka mingi, koo hizi mbili zimekuwa chanzo cha zaidi ya nusu ya visa vya bia kuharibiwa na bakteria. Dalili zake hazihitaji maabara. Bia iliyokuwa angavu inakuwa na ukungu, ulimi unapata uchachu mkali, na chini kunabaki masimbi.

Kuna kundi lingine ambalo historia yake inanivutia zaidi. Zamani bia ya chupa ilikuwa na oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kujaza, na oksijeni hiyo iliizeesha bia ikapoteza ladha. Viwanda vikanunua mashine bora na kuiondoa karibu yote. Hapo ndipo wakaanza kuonekana bakteria ambao oksijeni ni sumu kwao na ambao hapo awali hawakuwa na nafasi. Pectinatus alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978 kutokana na bia ya Marekani, na Megasphaera wa bia akafuata katika miaka ya 1980. Wote wawili huiachia bia harufu ya yai viza. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguka, wala hakuna mtengenezaji wa bia duniani aliyemaliza vita hivi.

Kwa hivyo bia dhaifu ni ipi? Ni ile iliyopungukiwa na mojawapo ya ngao hizo. Ukipunguza hopsi ili isiwe chungu, umepunguza ulinzi. Ukipunguza kileo, hali ni hiyohiyo. Bia yenye pH ya juu iko wazi zaidi kuliko iliyo chachu, na iliyobakiza sukari ambayo hamira haikuimaliza imewaandalia wageni chakula. Hewa ikiingia, wanaamka bakteria wa siki, ambao hugeuza kileo kuwa asidi. Joto huharakisha yote haya.

Kinga ya mwisho ni moto mdogo. Mfaransa Louis Pasteur alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya magonjwa ya bia, akionyesha kwamba uharibifu wake unaletwa na viumbe hai na wala si mkosi wa mpishi. Kazi yake ndiyo iliyowafundisha watengenezaji kuipasha bia moto kiasi, kwenye nyuzi 60 hivi kwa dakika kadhaa, ili kuua waliobaki bila kuipika upya. Chupa iliyofungwa kisha ikapashwa moto hivyo haina wa kuingia tena mpaka kizibo kitolewe. Hapo ndipo keg inapoachana na chupa.

Tuiangalie keg basi. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 pale Ruaraka, ng’ambo tu ya Baba Dogo na Mathare, na bia yake ya kwanza ikapelekwa hoteli ya Stanley mwezi Desemba mwaka huo. Kwa miaka mingi ya ukoloni bia ya chupa haikuwa ya Mwafrika, na hata baada ya Uhuru bei yake ilibaki juu ya mfuko wa kibarua. Senator Keg ilipoingia sokoni mwaka 2004, kusudi lake lilikuwa kumpa mtu wa kipato cha chini bia halali atakayoimudu badala ya pombe za vichochoroni. Serikali ilipunguza ushuru kisha ikauondoa. Wakulima wa Ukambani na Tharaka wakapata soko la mtama wa Gadam. Ushuru wa asilimia 50 ulipowekwa mwaka 2013, mauzo yaliporomoka. Mwaka 2015 nafuu ya asilimia 90 ikarudishwa kwa bia inayotengenezwa kwa mazao ya hapa nchini, na mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kikafunguliwa tena ili kuitengeneza.

Bei ya chini ya keg ilitokana na nafuu ya ushuru, na pia ilitokana na kuondoa chupa. Hakuna kioo, kizibo wala lebo: kuna pipa la chuma la lita 50 linalorudi kiwandani likajazwa upya. Ni mpango mzuri, nami nausifu. Lakini chupa ilikuwa ikifanya kazi ambayo haikuonekana kwenye hesabu. Ilikuwa ukuta wa mwisho kati ya bia na mtaa. Ilipoondolewa, kazi ya ulinzi ilihama kutoka kwa wahandisi wa Ruaraka ikatua mikononi mwa msichana wa kaunta pale Kayole, na wengi walioachiwa kazi hiyo hawakuambiwa kwamba wameachiwa.

Mwombe mwenye baa akufungulie kichwa cha bomba lake ambalo halijafunguliwa kwa miezi. Ndani, pale chuma kinapokutana na chuma, utakuta ute wa rangi ya kahawia iliyopauka, unaoteleza ukiugusa na unaonuka siki na mkate mbichi. Huo ni mji. Hamira za mwituni hukaa humo pamoja na bakteria wa siki walio karibu na mdomo wa bomba kwa sababu huko ndiko hewa iliko, na bakteria wa asidi ya maziwa hukaa ndani zaidi. Wote wamejifunika kwa ute waliojitengenezea wenyewe, na maji yanayopita juu yake hayawang’oi. Kata kipande cha mpira wa plastiki uliotumika muda mrefu na utaona utando huohuo umeshika ukuta wa ndani. Bakteria wa bia si wepesi kuzaana kama wale wa maziwa, hivyo pipa zuri haliozi kwa usiku mmoja. Lakini wakishajenga mpirani hawahitaji kuharakisha. Kila usiku wanaletewa mililita 300 na kuachiwa mpaka kesho jioni.

Chini ya bomba kuna trei inayokinga matone, na juu yake wanaelea wale nzi wadogo wekundu wanaopenda ndizi zilizoiva. Nzi hao hubeba bakteria wa siki miguuni. Hutoka kwenye trei wakatua kwenye mdomo wa bomba, kutoka hapo wakaenda kwenye jagi. Kama stima imepotea na kipozeo kimezimwa chini ya paa la mabati, bia ya mpirani inapata joto, na kila kiumbe kilichotajwa hapa kinafurahi.

Kisha kuna gesi. Keg inatakiwa isukumwe kwa kabonidayoksaidi kutoka kwenye mtungi, kwa kuwa gesi hiyo ni mojawapo ya ngao za bia. Mtungi ukiisha na bia ikasukumwa kwa pampu ya hewa ya kawaida, oksijeni inaingia moja kwa moja ndani ya pipa. Kuanzia hapo pipa hilo lina saa zake, na lisipomalizika upesi litaelekea kwenye siki. Muuzaji anayeongeza maji ili pipa limpe majagi zaidi anafanya kosa kubwa kuliko wizi. Kwa tendo moja anapunguza kileo, anapunguza hopsi, anapandisha pH, anaingiza hewa na anaingiza wageni waliokuwa kwenye maji. Ameivua bia nguo zake zote.

Wapo watakaosema kwamba watu wa Eastlands hawana shida na uchachu, na kwamba tumekulia kwenye busaa. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, nami naiheshimu, maana busaa ni mwalimu bora wa habari hizi kuliko kiwanda. Lakini tuisikilize busaa vizuri.

Unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Donge lile huvunjwavunjwa na kukaangwa juu ya bati, moto ukiwaka chini, mpaka chenga zinakuwa za kahawia na harufu yake inafika nyumba ya tatu. Zikipoa hutiwa majini pamoja na kimea cha wimbi, na baada ya siku mbili hadi nne huchujwa na kunywewa. Wimbi ulioota ndio unaoleta vimeng’enya vya kuugeuza wanga kuwa sukari. Ndio pia unaoleta hamira na bakteria, kwa kuwa baada ya kukaanga hakuna anayechemsha tena. Mwaka 1980 mtafiti M.J.R. Nout alichapisha uchunguzi wa vijidudu vya busaa ya Kenya, na waliotawala humo walikuwa hamira ileile ya bia, Saccharomyces cerevisiae, pamoja na bakteria wa ukoo wa Lactobacillus. Naam, ukoo uleule unaochukiwa Ruaraka. Katika busaa wao ni wapishi, na uchachu wao ndio unaowafukuza vijidudu wabaya zaidi.

Ila busaa haina hopsi, haina kizibo, haijapashwa moto, na viumbe wake hawajaambiwa waache kazi. Ladha yake nzuri ina saa zake, na kesho yake imeshakuwa kali. Wapwani wanalijua hilo kwa mnazi wao, ambao asubuhi ni mtamu na jioni unachoma koo. Watanzania wanaouza Kibuku wanauza kitu ambacho bado kinachachuka kikiwa ndani ya paketi. Vinywaji hivi vimekubali kufa mapema, na wanywaji wake wanajua hivyo. Mama anayepika busaa hajawahi kumwuzia mtu ya juzi akimwambia ni ya leo, kwa sababu ulimi wa mteja ungemuumbua papo hapo. Tangu miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilipojitwalia haki ya kuuza pombe ya kienyeji katika kilabu chake cha Pumwani huku likiwakamata akina mama walioipika majumbani, wanywaji wa upande huu wa mji wamejua kutofautisha iliyoiva na iliyopita. Vilabu vya busaa vikapigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1970, na ujuzi huo ukaingia mafichoni. Keg ni ahadi tofauti. Iliuzwa kwetu kama bia, na bia haitakiwi kubadilika kutoka Jumatatu hadi Alhamisi.

Sasa nifike kwenye hofu ambayo kila msomaji anayo moyoni. Je, bia iliyochacha inaua? Haiui. Ngao zile zile nilizozitaja huwazuia bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo wasikue ndani ya bia ya kawaida, na wale wanaoiharibu bia hawasababishi magonjwa kwa mtu mwenye afya. Hatari ya tumbo katika baa ya keg iko zaidi kwenye ndoo. Pale mgao wa maji unapofanya majagi yote ya jioni yasuuzwe katika maji yaleyale mpaka yageuke rangi, ugonjwa hupita kwenye ukingo wa jagi, si kwenye pipa. Nairobi ilipigwa na kipindupindu mwaka 2015 na tena 2017, kwa hivyo si jambo la kudharau.

Kinachoua ni methanoli, na methanoli haitoki kwa bakteria wa bia. Hutiwa na mtu, kwa makusudi au kwa kutojali, kwenye pombe kali za magendo. Mwezi Novemba 2000 pombe iliyoitwa Kumi Kumi iliua zaidi ya watu 120, wengi wao wa Mukuru kwa Njenga na Mukuru Kaiyaba. Mwaka 2010 watu walikufa Shauri Moyo. Mei 2014 zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa. Methanoli haina uchachu, haina ukungu, wala ulimi hauwezi kuitambua ndani ya pombe nyingine. Hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya: wanaikwepa keg iliyochacha kidogo kwa kuogopa kufa, kisha wanakwenda uchochoroni kunywa kitu kilicho angavu kama maji kwa kuwa kinaonekana safi. Aliyekunywa kisha macho yakaanza kuona ukungu, tumbo likamkata na kichwa kikamuuma kuliko kawaida, apelekwe hospitali wakati huohuo. Dawa ipo, lakini haingoji asubuhi.

Hii ndiyo sababu ladha ya keg si jambo dogo. Keg ipo ili mtu asiende uchochoroni. Kila jagi lililochacha linalowekwa mbele ya mtu wa Kayole linamsukuma hatua moja kuelekea huko, maana pombe kali haichachi. Anayejali maisha ya watu wa mitaa hii hana budi kujali usafi wa mpira wa plastiki.

Na kuusafisha kunajulikana. Watengenezaji wa bia wa Marekani wanapendekeza mpira uoshwe kila baada ya siku 14 kwa myeyuko wa magadi makali wa asilimia 2 hivi, uzungushwe ndani kwa dakika 15, kisha usuuzwe kwa maji safi mpaka dawa yote itoke. Kichwa cha bomba hufunguliwa na kusuguliwa kwa brashi siku hiyohiyo. Kila miezi mitatu hupitishwa asidi ya kuondoa gaga linaloshika ukutani, ambalo magadi hayaliwezi. Magadi hayo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa, mwenye glavu, na si ya kumwachia kijana aliyeingia kazini jana. Mpira uliochakaa hutupwa. Bei yake si kitu ukilinganisha na pipa lililokataliwa na wateja.

Kuna hatua nyingine isiyohitaji dawa wala fundi. Jagi la kwanza la jioni limwagwe. Pipa la lita 50 hutoa majagi 166 ya mililita 300, hivyo hasara ya kumwaga moja haifiki hata asilimia moja. Mwenye baa anayeng’ang’ania jagi hilo anauza asilimia hiyo kwa bei ya jina lake.

Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya leseni za pombe tangu mwaka 2014, na maafisa wake hupita kuangalia saa za kufunga, umbali kutoka shuleni na karatasi za leseni. Waongeze swali moja: daftari la kuoshea mpira liko wapi? Wasambazaji wanaoleta mapipa kila wiki wanaweza kuja na fundi wa kuosha mabomba kwenye gari lilelile, nao wana faida ya wazi katika jambo hilo, kwa kuwa jina lililoandikwa ukutani mwa baa ni la bia yao.

Na wewe unayeketi kwenye benchi ukiwa umelipa pesa ya jasho lako, usikubali kuambiwa keg ndivyo ilivyo. Ikinuka siki, ikionja siagi, au ikiwa na ukungu ambao jana haukuwepo, irudishe kaunta, uombe nyingine, na umuulize mwenye baa mbele ya wenzako mpira wake ulioshwa lini mara ya mwisho.